Siku Bi Mosi Alipomtoa Dege

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, hakuna aliyethubutu kutaja degedege kwa jina lake. Mama alisema "yule dege" tu, tena kwa sauti ya chini. Tuliambiwa ni ndege asiyeonekana, anapita juu ya mapaa, na kivuli chake kikimwangukia mtoto mchanga, mtoto hukakamaa na macho kugeuka. Na mtoto aliyeshikwa na dege hachomwi sindano. Akichomwa, anakufa hapo hapo.

Kwa Mama hayo hayakuwa maneno ya kusikia. Mdogo wangu Rukia alishikwa hivyo, akapelekwa hospitali, akachomwa sindano, na jioni yake akarudishwa nyumbani amefunikwa kanga.

Kwa hiyo mchana ule mdogo wangu mwingine, Sefu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa, alipokakamaa mapajani kwa Mama, Mama hakupiga kelele. Alimkumbatia kwa nguvu, akaniambia, "Zuhura, kamwite Bi Mosi. Kimbia."

Bi Mosi aliuza mizizi, magome na majani ya dawa pembeni mwa soko. Alikuwa Mzaramo, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, na karibu kila mama wa mtaani kwetu alikuwa amewahi kumpelekea mtoto. Nilimkuta anakatakata mizizi.

"Shikamoo Bibi. Sefu..."

"Macho yamegeuka?"

"Ndiyo."

Hakuuliza zaidi. Alichukua fungu la kivumbasi kibichi na bonge la mavi makavu ya tembo, ambayo aliletewa kutoka Rufiji, akavifunga kwenye kitambaa na kunikabidhi.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Tukitoka hapa husemi na mtu mpaka tuingie ndani. Ukifungua mdomo, dawa inabaki njiani."

Nilitembea nimebana meno. Watu waliniita, sikugeuka. Tulipofika kona ya mtaa wetu, nikamwona Baba. Alikuwa akitoka kazini bandarini, amepakiwa kwenye baiskeli ya rafiki yake, Kondo.

"Zuhura! Unakwenda wapi na Bi Mosi?"

Nilitazama chini, nikaendelea kutembea. Baba akashuka, akaja ubavuni mwangu.

"Mwanangu, nakuuliza. Kuna nini nyumbani?"

Machozi yalinitoka, lakini mdomo sikuufungua. Baba alinusa kivumbasi, akaangalia kile kitambaa, nikaona uso wake unabadilika. Akakimbia.

Tulipoingia, yeye na Mama walikuwa wamesimama katikati ya chumba, na Sefu yuko baina yao, anatetemeka.

"Nipe mtoto, Kondo ana baiskeli, twende hospitali."

"Hospitali ipi? Ile iliyonirudishia Rukia?"

"Mama Zuhura, mtoto anakufa!"

"Basi afie mikononi mwangu. Kwenye sindano hafiki, mpaka unitoe roho mimi kwanza."

Baba alinyoosha mikono, Mama akarudi nyuma mpaka ukutani. Niliogopa watamvuta mtoto huku na huku mpaka aumie. Kondo alibaki mlangoni, ameshika baiskeli yake, anatazama sakafu.

Bi Mosi hakumsalimu mtu. Aliweka makaa kwenye chetezo, akatia lile bonge, na moshi mzito ukajaa chumbani. Akafikicha kivumbasi, akampaka Sefu kuanzia utosini mpaka nyayoni, huku akinong'ona. Sefu akalegea. Mama akashusha pumzi. Halafu mtoto akakakamaa tena, zaidi ya mwanzo.

Bi Mosi aliweka kiganja kifuani mwa Sefu akakiacha hapo. Alimtazama Baba, kisha akamtazama Mama kwa muda mrefu. Ghafla akainuka, akafungua dirisha, akatoa mtandio wake na kuupunga kwa nguvu, kama anayefukuza kuku.

"Toka! Toka, mwache mwana wa watu!"

Kisha akageuka. "Ametoka."

"Ametoka?" Mama aliuliza, sauti inakatika.

"Nimemwona kwa macho yangu. Iliyobaki ni homa, na homa hiyo si kazi yangu. Sasa sindano haimdhuru. Mpe baba yake."

Mikono ya Mama ikafunguka. Baba alipanda nyuma ya baiskeli na Sefu kifuani, Kondo akakanyaga pedali kuelekea hospitali ya Mnazi Mmoja, na Mama akawafuata mbio, miguu mitupu.

Nilibaki na Bi Mosi. Aliketi chini karibu na chetezo. Adhana ya magharibi ikapita. Kila hatua iliyosikika barazani ilinifanya nizibe masikio, maana nilikumbuka jinsi Rukia alivyorudi.

Mama aliingia peke yake, amekuja kuchukua nepi. Alisimama mlangoni, akamtazama Bi Mosi.

"Wamemchoma," alisema. "Akalia. Bibi, amelia kwa nguvu!"

Bi Mosi akajifunika uso kwa mtandio, naye akalia.

Leo najua ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, na hakuna ndege yeyote aliyepita juu ya bati letu. Najua pia kwamba muda ule wa moshi ungeweza kutunyang'anya Sefu, na wapo wazazi walionyang'anywa hivyo. Siusifu moshi ule. Lakini hakuna daktari ambaye angeifungua mikono ya Mama siku ile.

Nilipokuwa mwanamwali nilimuuliza Bi Mosi kama kweli alimwona dege akitoka. Hakukasirika.

"Mtoto alikuwa bado anatetemeka," alisema. "Ulitaka nimwambie nini mama yako?"

Kwa miaka mingi nilidhani alikuwa ametudanganya. Kisha nami nikazaa, nikaketi usiku na mtoto anayewaka homa, nikaelewa alichokitoa. Aliitoa hofu ya mwanamke aliyekwisha kuzika mtoto mmoja, na ilimbidi aitoe kwa jina ambalo mwanamke huyo alilijua.

Mama alifariki akiamini kwamba dege alitoka kupitia dirishani. Sikumsahihisha hata mara moja.