Mtoto Aliyekuwa Ndani ya Seva

Miaka ile ya vita, kazi yangu Masisi ilikuwa kutunza seva yenye picha na habari za watoto waliopotezana na wazazi wao wakikimbia. Kila Jumamosi akina mama walikuja kutazama nyuso kwenye skrini. Siku moja mama wa Nyamitaba akaruka kutoka kwenye benchi: "Njo huyu! Mutoto wangu huyu!" Kijana wake alikuwa amepokelewa na familia fulani huko Walikale. Familia gani, kijiji gani, hiyo sehemu ya faili ilifunguliwa na shefu, mkuu wetu, peke yake, ili watoto wasiibiwe, na shefu alikuwa Goma. Nikamwambia mama arudi Jumatatu.

Jumatatu risasi zilikuwa zimefika Karuba. Shefu alirudi na amri: kila kitu kihamie kwenye seva ya Walikale, kwa diski, juu ya pikipiki. Na tukate, tusinakili. "Wenye bunduki wakiingia hapa, wasikute hata jina moja ya mutoto."

"Shefu, tunakili kwanza, tuone kama imefika muzima, njo tufute."

"Utaona saa ngapi, papa? Ile unasikia ni radi?"

Alisema kweli. Nami nilisema kweli, na hilo ndilo liliniudhi.

Tukakata. Mama alifika tukiwa tumeshaanza, faili haifunguki tena, akakaa nyuma yangu, amejifunga kitenge cha safari, akishikilia sweta ndogo. Mstari wa kijani wa kuonyesha kazi imefika wapi ukawa unasogea kwenye skrini. Halafu wingu, wingu la uchokozi tu, likafunika paneli za sola. Betri zilikuwa zimechoka tangu zamani, na jenereta haikuwa na esanse, yaani petroli. Skrini ikazimika. Eh Mungu! Nikatoka mbio kutafuta esanse.

Esanse ilipopatikana kwa jirani, mambo yalikuwa yameisha. Mashine ilikuwa imefuta ya huku, ikiamini kwenye diski imefika. Kumbe diski ilikuwa haijamaliza kuandika. Faili nyingi zilifunguka. Ya mtoto yule ilikuwa na jina, ndani hakuna kitu. Nikaifungua tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Walikale ni msitu juu ya msitu, ungeanzia wapi?

Nikamweleza mama. Hakulia. Nje watu walikuwa wameanza kubeba magodoro.

"Basi papa, unionyeshe sura yake tu. Nimuangalie, kisha nikimbie."

Nikageuza skrini upande wake, aone mwenyewe kwamba hata sura haikuwepo.