Mji Ulioangikwa Ukutani

Mwalimu wetu wa Samuye alirudi kutoka likizo na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na taa ya mafuta, mbele jicho la kioo, na pembeni vioo vidogo vyenye picha za mji mmoja wa Uingereza. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne, nikabaki kuwafundisha watoto wadogo herufi. Nilikuwa na haya sana. Hata mtu akinisalimu, niliitikia nikitazama vidole vya miguu yangu.

"Jumamosi utawaeleza watu hizi picha," mwalimu akaniambia. "Wakikaa mpaka kioo cha mwisho, utafuatana nami Didia, na Songwa, na kokote taa hii itakakokwenda. Wakiondoka, nitatafuta mwingine."

Nilitaka kwenda. Sikuwahi kutaka kitu namna ile.

Jumamosi alasiri tuliziba madirisha ya darasa kwa ngozi za ng'ombe, tukaangika shuka nyeupe ukutani. Watu wakajaa. Mara tukasikia ngoma. Mjomba wangu, manju aliyetunga na kuongoza nyimbo za kundi lake, alikuwa amewaleta wachezaji uwanjani, karibu kabisa na mlango.

Hakuwa na nia mbaya. Kwetu kundi moja halichezi peke yake. Makundi mawili hukutana uwanja mmoja, na watazamaji huhamia kwa lile linalowapendeza. Lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Mjomba alisikia kuna maonyesho, akaja kushindana nayo.

Mwalimu akawasha taa, akaweka kioo cha kwanza, na picha ikatokea kubwa kwenye shuka: stesheni na daraja. Nikasoma karatasi aliyoniandikia: mji huu ni wa kale, kanisa lake lilijengwa kwa miaka mingi. Nilisoma nikiwa nimewapa watu mgongo. Wawili wakatoka. Kisha likatoka benchi zima.

"We mjukuu," akaita bibi mmoja aliyeketi mbele, "unaongea na sisi au na shuka?"

Wakacheka. Nje ngoma ikachachamaa, na wengine wakaanza kuinuka. Nikakunja karatasi. Nikajiuliza: mgeni akishuka stesheni ya Shinyanga nikatumwa kumleta Samuye, huwa namwambia nini njiani? Simwambii habari za miaka. Namwambia hapa pana matope, pale pana mbwa mkali.

Nikageuka.

"Tumeshuka kwenye gari moshi," nikasema. "Shikeni watoto. Daraja hili tunapita mmoja mmoja. Bibi, nipe mkono."

"Huo hapo, nisianguke!"

Kioo cha pili kilikuwa na barabara ya mawe na askari mwenye kofia ndefu.

"Huyu ndiye mwenye njia. Tumsalimu."

"Mwadila!" darasa zima likapaza sauti.

"Mbona haitikii?" akauliza mtu.

"Kofia imemfunika masikio."

"Na ng'ombe wao wako wapi?" mzee mmoja akataka kujua.

"Wako machungani, baba. Tumekuja mchana."

Kicheko kikatoka mpaka uwanjani. Waliokuwa wameondoka wakarudi, wakasukumana mlangoni. Wengine wakafunua ngozi madirishani wachungulie, mwanga ukaingia, na mwalimu akawafokea. Ngoma ikapungua, ikanyamaza. Mjomba akaingia, jasho likimtiririka, usinga mkononi.

"Mpwa wangu, umetumia dawa gani?"

"Sina dawa, mjomba."

"Huwezi kukosa." Akaketi.

Kioo cha mwisho kilikuwa nyumba ya michezo. Watu walikaa safu juu ya safu, na mbele yao alisimama mwimbaji, mdomo wazi.

"Hapa ndipo penye ngoma yao," nikasema.

"Wamekaa?" mjomba akauliza. "Wote?"

"Wote."

"Na kundi la pili linachezea wapi?"

Nikaangalia pembe zote za picha.

"Hakuna kundi la pili, mjomba. Yuko peke yake."

"Maskini! Sasa atajuaje kama ameshinda?"

Akasimama, akaielekea shuka, akainua usinga, akaanza kumwimbia yule mwimbaji wimbo wa kumtania, kama anavyotaniwa manju wa kundi pinzani. Bibi akaitikia, darasa likaitikia, vumbi likatimka mpaka picha ikafifia. Hakuna aliyetoka hata mmoja. Taa ndiyo iliyoishiwa mafuta.

Mwalimu alikuwa anakohoa na kucheka. "Didia Jumamosi ijayo," akaniambia. "Ile karatasi iache nyumbani."

Mjomba akanipiga begani kwa usinga. "Leo umenishinda. Didia nakuja na ngoma tatu."

"Njoo, mjomba," nikamjibu, nikimtazama usoni.