Kipande Kimoja cha Bwawa Kilichopona

Nichekeni tu, hata miye nimejicheka. Wakati wa vita, wenzangu wa Bunia walikuwa wanaficha mali. Miye nilikuwa natibu bwawa. Wachoma matofali walikuwa wamelichimba mifereji mpaka udongo wake mweusi ukakauka. Siye wa shirika la mazingira tukaiziba mifereji, tukapanda kuvumwani, zile nyuzi laini za kijani zinazoshika maji kama sponji.

Zikafa zote, isipokuwa kipande kimoja nyuma ya nyumba yetu, pale mtaa wa Nyakasanza. Nyumba yenyewe tulikuwa tumeifunika turubai, maana muke wangu, Mama Neema, aliniambia mabati yaliibwa tulipokimbia; yeye ndiye aliyetangulia kurudi. Kila asubuhi nilimuona anamwagilia kile kipande. Nikadhani ameipenda kazi yangu.

Wafadhili walipokuja kukagua, wapiganaji wawili wenye bunduki wakasogea nao kutazama. Nikaona hadhira imetimia.

"Muone namna bwawa imepona!" nikasema. "Hapa chini iko maji tupu, inadunda kama matela ya kulalia!"

Nikaruka juu yake kwa miguu yote miwili.

Bwawa likalia ngwaaa, kama paa la nyumba.

Mpiganaji mmoja akafunua kuvumwani kwa ncha ya buti. Bati letu la kwanza likang'aa juani. Mama Neema akaweka ndoo yake chini taratibu.

"Nilikuambia waliiba mabati sababu najua mudomo yako," akasema. "Basi, Baba Neema, sasa wameiba kweli."