Tao mlilolicheka

Leo nimemwangusha Vishnu kwenye basi. Wale mliocheka picha yake hapa wiki iliyopita, kaeni mkao wa kusoma.

Vishnu mwenyewe ni mungu wa Wahindu mwenye mikono minne, sanamu niliyoichonga darasani, kimo chake kama chupa ya chai. Niliwaiga mafundi wa kale wa Kambodia: jiwe moja tu, na nyuma yake unaacha tao la jiwe hilohilo liishike mikono isikatike.

Mkasema nilikate hilo tao. Shemeji yenu ndiye aliyeanza, akaliita fremu ya mlango.

Haya.

Leo nampeleka nyumbani, nimemfunga kwenye kanga, tuko barabara ya Chaussée d'Ixelles. Dereva akafunga breki. Kanga ikaniponyoka mapajani, ikapiga sakafu kishindo ambacho basi zima lilikisikia.

Sikuweza kuangalia. Miezi yangu yote ya kuchonga ilikuwa mle ndani.

Maman mmoja Mkongo aliyekaa mbele yangu ndiye aliyeinama, akafungua fundo, akahesabu kwa kidole.

"Bon, maman, usilie. Mikono yote ine iko. Mungu yako ni muzima."

Nikaangalia. Tao limebanduka kipande pembeni, ukubwa wa kucha. Basi.

Shemeji yenu amemweka mwenyewe juu ya kabati la runinga. Kisha akamgeuza mgongo mbele, ili wageni walione tao kwanza.

Sasa nyie wengine, komenti ziko wazi. Anzeni na "samahani".