Udongo Wenye Kiu Unadanganya

Siku ya kwanza kazini walinipa ndoo mbili na jembe. Kalamu hawakunipa, maana shule yangu iliishia darasa la tatu. Mkuu wa huduma ya usafi, mzee mpole mwenye miwani, alinionyesha kazi mwenyewe: chimba shimo la kina cha mkono, lijaze maji, simamisha kijiti chenye alama, tazama saa. Maji yakishuka vizuri, udongo huo unaweza kupokea fosi septiki, yaani shimo la maji machafu ya nyumba. Yakisimama, uchafu utapanda juu na kujitafutia njia.

"Lakini shimo linyweshwe tangu jana yake," akaniambia. "Udongo mukavu ni kama mutu ametoka safari. Kikombe cha kwanza anamaliza mara moja. Icho usikihesabu."

Nimebeba maji mtaa wa Kamenge, nimebeba Gatumba, ambako ukichimba kidogo tu maji yanakusalimia. Kisha vita vikaja, mzee akastaafu, akaenda retreti, akaja injinia kijana. Barabara zilifungwa mapema, kwenda mahali pamoja siku mbili ikawa shida. Akaifuta siku ya kunywesha.

Kiangazi kimoja tulifika mtaa wa Kanyosha. Muuza mbao mmoja alitaka fosi yake juu ya mteremko. Chini yake, si mbali, palikuwa na kisima, na kwa kuwa robine za maji majumbani zilikauka, kartie nzima ya Kanyosha ilikunywa pale. Nikajaza shimo. Maji yakazama upesi. Injinia akatoa kalamu.

"Shefu, icho ni kikombe cha kwanza."

"Mama, we ulisoma wapi?"

"Sikusoma. Mi nabeba maji tu. Basi acha nibebe."

Muuza mbao akacheka. "Huyu mama anamwagilia shimo, labda litaota."

Nikashuka kisimani. Wanawake waliokuwa wakichota waliniuliza, nikawaambia wazi: mavi ya nyumba ile yatashuka humu. Wakajitwisha ndoo zao, wakanifuata.

Mara ya pili maji yalishuka polepole. Mara ya tano hayakushuka hata alama moja. Injinia akaitikisa saa yake.

"Saa ni nzima, shefu," mwanamke mmoja akasema. "Udongo ndio umeshiba."

Injinia alikunja karatasi, akatuongoza ng'ambo ya kisima, chini zaidi, penye mchanga. Tukachimba tena. Huko maji yalizama hata mara ya tano, na hapo akaandika. Muuza mbao alinung'unika kuhusu urefu wa bomba. Kesho yake injinia akasema tu, "Mama, tangulia ukanyweshe."

Karatasi yangu ya retreti imeniandika kibarua. Nimeitunza, sina haya nayo. Watoto waliokunywa maji ya kisima kile sasa wana watoto wao. Wakinikuta njiani wananisalimu, "Amahoro, bibi," na hawajui kwa nini macho yangu yanaanza kuwatazama tumboni, yalikoingia maji yale safi.