Kalamu Iliyoombewa

Nilianguka mtihani wa darasa la nane nikitumia kalamu iliyoombewa na wachungaji watatu. Kijijini Hewani habari hiyo ilizungumzwa mwezi mzima, na waliotaka kujua hali yangu walianza kwa kuulizia hali ya kalamu.

Nilikumbuka haya Jumapili iliyopita, nilipotoka Garsen kwenda kusali katika kanisa letu la zamani. Watoto wa gredi ya tisa walikuwa wamepanga kalamu na rula zao madhabahuni, kila kifurushi kimefungwa raba kisichanganyike na cha mwenzake, na mchungaji akanyoosha mikono juu yake. Rafiki yangu, nilicheka hadi mama aliyeketi kando yangu akanitazama.

Enzi zetu ilikuwa vivyo hivyo. Wachungaji waliomba kwa zamu, wa mwisho kwa Kipokomo, nami niliyapokea maombi yale kwa moyo wote. Niliiviringisha kalamu kwenye leso, nikailaza chini ya mto wangu, na tangu siku hiyo sikufungua kitabu. Nilichofungua ni sufuria ya nyanya yangu aliyenilea, hasa akipika kambare wa moshi kwa nazi. Kila mtu alikuwa ameshasikia kwamba nakwenda shule ya bweni. Mwalimu aliponiuliza mbona sirudii hesabu, nilimjibu, "Mwalimu, mimi nina imani." Akanitazama kidogo, akasema, "Haya."

Matokeo yalipokuja, shule ya bweni ikaota mbawa. Jirani yetu wa Kiorma, aliyetuletea maziwa asubuhi, alicheka hadi akatua kibuyu chini. "Kalamu imefaulu," akasema, "mwenye kalamu ndiye kaanguka!"

Nyanya hakunigombeza. Januari alinirudisha darasa la nane, na kila Jumamosi akanichukua shambani, maana mpunga ulikuwa umeanza kukomaa na ndege walikuwa wameshauona. Tulifika kukiwa na umande bado, nyani wakipiga kelele msituni kando ya mto. Alipiga magoti palepale kwenye tope, akamwomba Mungu aulinde mpunga. Akishasema amina, alipanda ulingoni, jukwaa la miti la kulindia shamba, na teo lake la kurushia mawe, na hakushuka hadi ndege walipokwenda kulala.

Siku ya kwanza nilimwuliza, "Nyanya, si umeshamwomba Mungu awafukuze?"

"Nimemwomba. Na hii mikono, unadhani alinipa ya nini? Rusha, wanakula!"

Basi nilirusha, na katikati ya kurusha nikasoma. Nyanya hakujua kusoma, lakini aliniuliza, "Umeelewa?" Nikisema ndiyo, aliniambia, "Haya, nieleze." Jaribu wewe kumweleza asilimia mtu anayewapigia ndege kelele! Nilipokwama, alijua, akaniambia nisome tena. Siku moja nilimwambia kwamba safari hii nitawapita wote. Akasema, bila kuacha kutazama shamba, "Kufaulu si kuwapita wenzako. Mungu akikuuliza umefanyia nini alichokupa, uwe na la kumjibu."

Mwaka ule nilifaulu, nikaenda shule ya bweni. Hadi leo naomba kabla ya kazi yoyote, na nikishasema amina, nainuka. Hilo ndilo nililorithi, na namshukuru Mungu kwa ajili yake kuliko vyote nilivyopata baadaye.

Shamba lenyewe halipo. Mto umehama, na palipokuwa na mpunga pana vichaka vya miiba. Nguzo za ulingo sikuziona, wala sikumwona mtoto mwenye teo.

Ila kuna jambo ambalo sijalipatia jibu. Jumapili ya kwanza baada ya mimi kuanguka, nyanya alimbeba kuku wake wa pekee aliyekuwa akitaga, akampeleka mbele ya kanisa kuwa sadaka ya shukrani. Mzee wa kanisa akamwinamia, "Mama, ni shukrani ya nini?" Nyanya alitaja jina langu tu, akarudi kuketi. Nilitamani ardhi inifunike. Mwaka uliofuata, nilipofaulu, nilingoja apeleke kuku mwingine. Hakupeleka. Sasa amelala nyuma ya kanisa lile, na mimi sikuwahi kumwuliza.