Simu Mia Tatu na Kumi na Mbili Zilizoamka Ghalani

Saa tatu kasorobo asubuhi, ndani ya ghala namba nne, mwanamke mwenye kizibao cha rangi ya machungwa anapiga magoti mbele ya rundo la maboksi ya redio za magari. Hakati utepe kwanza. Anaweka sikio kwenye boksi la juu, anafumba macho, anasikiliza.

Mkaguzi wa forodha amesimama pembeni na kalamu mkononi. Zamani angecheka, lakini siku hizi anasubiri mpaka mwanamke huyo ainuke na kusema, "Haya, kata."

Wenzake wanamwita Mama Tamko. Ana miaka arobaini na tisa, na kwa miaka kumi na saba kazi yake imekuwa kujaza tamko la forodha, ile karatasi ambayo kwayo mwagizaji wa mali, kupitia wakala kama yeye, anaapa: mzigo ni huu, umetoka pale, na umekidhi viwango. Yeye hushughulika na vifaa vya umeme tu, kuanzia pasi na runinga hadi simu.

"Shati likiandikwa vibaya kwenye karatasi, bado ni shati," anasema huku akifuta vumbi magotini. "Lakini chaja mbovu inaunguza nyumba na watoto ndani. Kwa hiyo mimi nikisaini, nimeapa."

Mwaka jana aliapa uongo bila kujua.

Mzigo wenyewe ulikuwa mdogo: katoni sita za simu za vitufe, jumla mia tatu na kumi na mbili. Mwenye mali alikuwa mteja wake wa miaka tisa, mfanyabiashara mcheshi anayejulikana madukani kama Bosi Chaja. Ankara ilisema simu ni mpya. Cheti cha ubora kilikuwa na mhuri. Namba za utambulisho za simu zilikuwa zimeorodheshwa kurasa nane, bila kasoro. Mama Tamko akasaini, na katoni zikapangwa ghalani kusubiri ukaguzi.

Siku ya tatu, saa saba mchana, mlinzi wa ghala alimpigia.

"Mama, njoo. Mzigo wako unalia."

"Unalia vipi?"

"Njoo usikie mwenyewe. Mimi nipo nje."

Alivuka uwanja wa makontena jua likiwa utosini. Anakumbuka kwamba mlinzi, mwanamume wa kimo na sauti nzito, alikuwa ameegemea ukuta na kofia yake kifuani kama mtu aliyefika msibani.

Ndani mlikuwa na giza kidogo. Katoni zilikuwa zimefungwa vilevile, utepe haujaguswa. Sauti zilitoka ndani yake: milio ya kila namna, mingine ya kengele, mingine ya muziki, mmoja wa jogoo, yote kwa pamoja. Katoni ya juu ilikuwa ikitetemeka na kusogea taratibu kuelekea ukingoni.

"Nilitaka kuishika isianguke," anasema. "Mkono ukakataa."

Kisha milio ikakatika mmoja baada ya mwingine. Wa jogoo ulikuwa wa mwisho.

Aliitwa mkaguzi, na utepe ukakatwa mbele ya mashahidi. Simu zilikuwa kwenye plastiki mpya zenye kung'aa. Skrini zilizowaka zilionyesha saa kumi jioni, kwa saa za huko zilikotoka, na kengele ya kuamsha ilikuwa imetegwa saa hiyohiyo. Walihesabu mia mbili na saba zilizotegwa hivyo.

Simu mpya haitoki kiwandani ikiwa imetegwa kumwamsha mtu. Hizi zilikuwa zimetumika. Aliyezifunga upya alizisugua, akazibandika karatasi mpya na kuzichaji ili zionekane nzima, lakini hakujisumbua kufuta kilichokuwemo.

Fundi simu aliyeitwa siku hiyo alieleza kwamba simu za aina hiyo, hata zikizimwa, hujiwasha zenyewe wakati wa kengele ukifika. Maelezo hayo yaliwatuliza wote, mpaka kesho yake saa saba, zilipoamka tena.

"Watu mia mbili hawaamki dakika moja isipokuwa wana bosi mmoja," mkaguzi alisema.

"Sawa, lakini nani anaamka saa kumi jioni?" akauliza Mama Tamko.

Mlinzi akajibu akiwa mlangoni, "Sisi, mama. Watu wa zamu ya usiku."



Kisheria, njia ilikuwa moja. Simu zilizotumika haziingii nchini bila kibali. Zikikamatwa, husagwa baada ya siku thelathini. Wakala aliyesaini anaweza kunyamaza na kudai alidanganywa, au anaweza kuandika mwenyewe kwamba tamko lake si la kweli. Mama Tamko aliandika.

Mumewe, fundi seremala mpole wa maneno, alisoma barua ile mezani akairudia mara mbili. "Mke wangu, ukijishtaki mwenyewe, wa kukutetea atatoka wapi?"

"Sijui. Ila sitalala na hilo tamko."

Leseni yake ilisimamishwa miezi mitatu. Aliyekuwa akitoa forodhani mizigo kumi na minne kwa mwezi akabaki bila hata mmoja. Mawakala wenzake, ambao walizoea kuazima kalamu yake na kumrudishia kifuniko tu, wakawa wakimwona wanageukia njia nyingine. Mumewe alibeba ada ya shule ya watoto watatu peke yake. "Alikuwa anasema ameshakula kazini," anasema mke. "Mimi nilikuwa nautazama mkanda wake, tundu linavyosogea."

Kwa kuwa hakuwa na kazi, kila saa saba mchana alikwenda ghalani. Hawezi kueleza vizuri kwa nini. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akazisubiri. Kila siku zilizolia zilipungua, chaji zikiisha: mia na hamsini, tisini, kumi na moja. Mlinzi aliacha kuingia kabisa. Alikuwa akimpa funguo kwa kurefusha mkono.

Siku ya kumi na tisa ililia simu moja tu.

Mkaguzi alimruhusu aitoe. Walipofungua kifuniko cha nyuma na kuinua betri, waliona namba imeandikwa kwa wino: 88. Walifungua nyingine zikawa na namba pia, kila moja yake. Laini zilikuwa zimeondolewa zote, ila ndani ya ile iliyolia mlikuwa na ujumbe kumi na mmoja, uliofika usiku mmoja, kwa maandishi ambayo hakuna aliyeyajua.

Kupiga picha ghalani hakuruhusiwi. Mama Tamko alichukua karatasi akanakili herufi zile moja moja, kama mtoto anayechora vidudu, na namba ya aliyetuma. Ilimchukua saa mbili. Anasema wakati wote ule alihisi kwamba kuna mtu amesimama nyuma ya bega lake, anamwangalia asikosee.

Mitaa miwili kutoka hapo lipo duka la vitambaa la mwanamke aliyehamia kutoka ng'ambo ya mbali akiwa bibi harusi, na ambaye leo anazungumza Kiswahili cha kumzidi mwenyeji. Mama Tamko alikumbuka kuona herufi kama hizo kwenye lebo za vitambaa vyake. Alipopewa karatasi alikuwa akimpimia mteja kitambaa. Alisoma mstari wa kwanza, akaweka mkasi chini. Alipofika wa nne alimwomba mteja samahani, akafunga mlango.

"Dada yangu, hii umeitoa wapi?"

"Inasemaje?"

Mwenye duka akasoma, kidole kikifuata mistari. "Mwanangu, umetoka? Tunaona moshi. Umetoka? Baba yako anakuja getini. Nipigie. Umetoka?" Akapitisha kidole hadi mwisho wa karatasi. "Ujumbe wote kumi na mmoja unauliza hilohilo."

Ndipo alipomsimulia. Miezi tisa nyuma, kwao, kiwanda kimoja cha nguo kiliteketea usiku. Wenye kiwanda walisema hakikuwa na zamu ya usiku, na kwamba ndani walikuwamo walinzi wanne tu. Familia zilizodai watoto wao zilijibiwa kwamba hao wametoroka, wamekwenda kutafuta maisha miji mingine. Hakukuwa na daftari la kuonyesha vinginevyo. Kitu kimoja kila mtu wa kwao alikijua: wafanyakazi walilazimishwa kuacha simu getini, kwenye vijishubaka vyenye namba, kabla ya kuingia.

Watu wameungua, simu zimebaki getini. Na mtu akaziuza.

"Piga hiyo namba," Mama Tamko alimwambia.

"Wewe unajua unachoniomba?"

"Sijui. Piga tu, shoga yangu."

Simu ilipokewa kabla mlio wa kwanza haujaisha. Sauti ya mwanamke, ya karibu mno, kama yumo dukani, ilisema neno moja. Mwenye duka aliganda. Mama Tamko alihitaji kumtikisa ndipo akatafsiri.

"Anauliza, umetoka?"

Baadaye walifahamu kwamba mama yule amekuwa akipokea kila simu ya namba ngeni kwa neno hilo, miezi tisa mfululizo. Walipomweleza wao ni nani na wameona nini, hakulia. Aliwaambia waangalie chini ya betri. Kama ni simu ya binti yake wataona themanini na nane, namba ya kijishubaka chake, aliyokuwa akitamba kwamba ni ya bahati.

Zilikuwa zimebaki siku tisa simu zisagwe.

Tatizo la kwanza lilikuwa Bosi Chaja. Naye alikuwa ameomba kuurudisha mzigo ulikotoka ili arejeshewe fedha, na sheria ilimruhusu. Zikirudi kwa muuzaji, zingepotea kama zilivyopotea mara ya kwanza. Alikuwa na mkopo, alikuwa na duka la kulipia pango, na alikwishaacha kupokea simu za Mama Tamko.

"Nilimtumia ujumbe: Bosi, miaka tisa sijakuomba kitu. Njoo ghalani kesho saa saba, halafu usiponisikiliza nitakuacha."

Alikuja na miwani ya jua, akaanza utani mlangoni. "Mama Tamko, umeniita kunifukiza ubani au vipi?"

Mama Tamko alimwongoza ndani. Aliiweka simu namba themanini na nane juu ya katoni. Saa saba ilipogonga, skrini ikawaka yenyewe, ikaanza kupiga kijiwimbo cha kitoto.

"Ya nani hiyo?"

"Ya binti wa miaka ishirini na miwili. Ilikuwa inamwamsha aende zamu."

Bosi Chaja alivua miwani. Kijiwimbo kilirudia na kurudia. "Izime basi, mama."

"Siwezi. Si yangu."

Walisimama mpaka ikanyamaza yenyewe. Mlinzi anasema alimwona Bosi Chaja akitoka nje, akazunguka kontena moja mara tatu peke yake, kisha akarudi kuomba kalamu. Aliandikia juu ya mgongo wa katoni, akisalimisha mali yote kama ushahidi.

"Mimi mfanyabiashara," alimwambia Mama Tamko akimpa karatasi. "Nimebanwa, sikatai. Lakini siuzi watu."

Simu namba themanini na nane haikulia tena baada ya siku hiyo. Fundi alisema ni chaji imekwisha. Mlinzi ana maelezo yake, na hayasemi.

Mkaguzi alibeba barua tatu kutoka ofisi hadi ofisi, ya mwenye mali, ya wakala na ya mwenye duka la vitambaa aliyetafsiri. Amri ya kusaga ilisimamishwa zikiwa zimebaki siku tatu. Orodha ile ya kurasa nane, ambayo muuzaji aliiambatanisha ili simu zipite forodhani, ilitumwa kwa wakili wa familia ng'ambo. Wazazi na wajane walileta makasha ya simu waliyokuwa wameyatunza kabatini na chini ya vitanda, wakalinganisha namba zilizochapwa juu yake. Mpaka sasa familia tisini na nne zimepata namba yao.

Na zile kengele mia mbili na saba, zote za saa kumi jioni, zimeingizwa kwenye kesi kama jibu kwa wanaosema hapakuwa na zamu ya usiku.

Mama Tamko alirudishiwa leseni yake na onyo la maandishi, ambalo amelitia fremu ofisini. Wateja wanarudi mmoja mmoja. Mwezi uliopita alitoa mizigo minane. Ameiandikia mamlaka akipendekeza kwamba kabla ya kusaga simu yoyote iliyotumika, namba zake zitangazwe kwanza. Hajajibiwa.

Kuna usingizi ambao haujarudi. "Naamka najua wamo chumbani," anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja mvua. "Hawanitishi. Wamekaa tu, kama watu kwenye foleni."

Miezi miwili ijayo atapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, kwenda kutoa ushahidi. Mahakama imempa mkalimani. Hata hivyo kila Jumamosi jioni yuko dukani kwa mwenye vitambaa, kati ya majora, akijifunza sentensi moja. Mama wa yule binti ameahidi kumpokea uwanja wa ndege, na Mama Tamko hataki maneno hayo yapite mdomoni mwa mtu mwingine.

Anaijaribu kwa sauti. Mwenye duka anamrekebisha, ulimi uguse meno. Anarudia. Bado herufi moja inamshinda.

Sentensi yenyewe ni fupi. Anaisema kwa Kiswahili, taratibu, kwa faida ya wasomaji:

"Mwanao hakutoroka, mama. Alikuwa kazini."